Mpiga Picha wa Studio Asidharauliwe

Muhula uliopita chama chetu cha mdahalo kilijadili hoja hii: picha ya studio ni uongo, na picha ya kweli ni ile ya mtu asiyejua kuwa anapigwa. Hoja ilipita kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa, na kwa ruhusa ya Bwana Mhariri naomba nafasi nimalize maneno yaliyonibaki kinywani kengele ilipogongwa.

Wenzangu walisema kwamba mtu aingiapo studio huvaa koti la kuazima, hukaa wima kama askari na kukunja uso, basi huyo si yeye. Ati ukitaka kumjua mtu wa ziwa hili, nenda ufukweni hapa Minago alfajiri, mitumbwi ikirudi na ndagala, umvizie angali ameshika wavu. Msemaji alipigiwa makofi mengi sana.

Lakini nawauliza, ninyi wenzangu na ninyi kaka zetu mliotutangulia: hao wapiga picha za maisha ya watu, tunaowasifu kwa ukweli wao, walijifunza kwa nani? Baadhi yao walijifunza kwa yule yule wa studio tunayemcheka.

Alikuwako Mjerumani mmoja, August Sander, aliyezaliwa mwaka 1876. Alikuwa na studio yake mjini Köln, na kazi ilipopungua alikwenda vijijini kwa baiskeli kuwapiga picha wakulima. Hakuwavizia. Aliwasimamisha mbele ya kamera kama alivyofanya studioni, wakamtazama machoni, na wengine walivaa nguo zao za Jumapili. Mwaka 1929 alitoa kitabu cha picha 60 za watu wa kila kazi. Wanazi hawakukipenda, na mwaka 1936 vibao vya kukichapia viliharibiwa. Walakini kitabu kilikuwa kimekwisha kuvuka bahari. Mmarekani Walker Evans alikisifu kwa maandishi mwaka 1931, na miaka mitano baadaye, alipowapiga picha wakulima maskini wa Alabama, nao walisimama wakimtazama hivyo hivyo. Watu huziita picha zile ushahidi wa njaa ya miaka ile. Mimi naona ndani yake desturi ya studio, iliyotolewa nje juani.

Hayo ni ya mbali. La karibu nasi ni la Gulu, kaskazini ya Uganda. Huko ipo studio iitwayo Gulu Real Art Studio, ya Bwana Obal Denis. Mashine yake ya picha za kitambulisho ilitoa picha nne kwa mara moja, na wateja wengi hawakuhitaji nne wala hawakutaka kuzilipia. Basi alimpiga mtu picha kubwa, amekaa kitini, kisha akaukata uso kwa umbo la mraba na kumpa. Kilichobaki, yaani mwili wenye tundu mahali pa uso, hakikuwa na kazi tena.

Mabaki hayo aliyaona Mwitaliano Martina Bacigalupo, mpiga picha aliyekuja kuishi hapa kwetu Burundi mwaka 2007. Yeye hasa ni mtu wa picha za maisha ya watu, na alikwisha kufanya kazi katika nchi ile iliyoteswa na vita vya Kony kwa miaka kama ishirini. Hakusema, "Hizi ni takataka za studio." Alizikusanya, akazungumza na wateja, na mwaka 2013 zikatoka katika kitabu chenye jina la studio yenyewe, zikaonyeshwa na New York.

Nanyi mtazame kilichomo. Mikono imewekwa magotini. Mama amempakata mtoto, maana hakuwa na wa kumwachia. Koti lile lile moja limevaliwa na watu mbalimbali, kubwa kwa huyu, dogo kwa yule, kwa kuwa lilikuwa koti la studio. Je, koti hilo ni uongo? Mimi nasema linatuambia kwamba watu hawa walitakiwa waonekane nadhifu ili wapate kazi, au mkopo, au karatasi fulani, na kwamba koti hawakuwa nalo. Mviziaji angekaa njiani mwaka mzima asilipate jambo hilo.

Tena liko suala la adabu. Mwaka jana mgeni mmoja alimpiga picha mjomba wangu ufukweni, kifua wazi, akivuta mtumbwi. Hakumwuliza jina. Mjomba hakugombana naye, ila aliniambia, "Angalau angeningoja nivae shati." Hamkumsikia mjomba siku ya mdahalo, na hilo ni kosa langu, niliona haya kumtaja.

Nyumbani tunayo picha moja tu ya babu. Ni ya karangamuntu, ndogo kama stempu, uso peke yake. Sikupata kumwona babu, naye hakupigwa nyingine. Watu wa Gulu waliacha miili bila nyuso. Sisi tumebaki na uso bila mwili, na sijui hata mikono yake ilikuwaje. Likizo iliyopita nilimwuliza bibi kuhusu koti linaloonekana shingoni. Alicheka sana. Akasema lilikuwa la mpiga picha, kule Rumonge, na babu alilivua upesi kwa sababu mtu mwingine alikuwa akilingoja mlangoni.

"Viatu vilikuwa vyake," akasema bibi. "Alivipaka mawese vikang'aa. Lakini havikuingia."