Wema Usiopigiwa Tarumbeta

Kila muhula unapofunguliwa, kilio huwa kile kile: huyu amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, yule hana sare, mwingine hana hata nauli ya kumfikisha shuleni. Ndipo wakubwa wetu hujitokeza na wapiga picha, hundi yenye ukubwa wa mlango mikononi, na mtoto maskini akasimamishwa mbele ya umati ili ufukara wake ushuhudiwe na wote. Hatukatai kwamba karo hiyo itamfaa. Lakini aibu ya picha ile huilipa yeye, si mfadhili.

Wasomaji wetu, hasa walimu, na wakitafakari kisa cha Hilde Back. Alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1922 katika jamaa ya Kiyahudi, akakimbilia Sweden akingali kijana. Wazazi wake waliobaki nyuma wakafia mikononi mwa Wanazi. Huko ugenini akawa mwalimu wa watoto wadogo. Katika miaka ya 1970 akaanza kumlipia karo mvulana wa kijiji cha Mitahato, Kiambu, ambaye hakuwa amemtia machoni: yapata dola 15 kwa muhula. Mvulana huyo, Chris Mburu, alisoma hadi Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha Harvard, akawa mwanasheria wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Alipoanzisha hazina ya kuwasomesha watoto werevu wasio na uwezo, aliipa jina la mwalimu yule. Bi. Back aliiona kwa macho yake kabla ya kufariki mwaka wa 2021.

Dola 15 si mali. Zilitoka katika mshahara wa mwalimu, na jambo kubwa ni kwamba zilirudi muhula baada ya muhula. Hapo ndipo wengi wetu hushindwa: twatoa mara moja, tukishangiliwa, kisha twasahau.

Twafahamu fika kwamba walimu wengi nchini hununua kalamu, sodo na hata unga kwa fedha zao, kimya kimya. Twawavulia kofia, ingawa si haki serikali ijifiche nyuma ya ukarimu wao.

Mwanafunzi naye ana lake. Mwenzake wa dawati anayejifanya ameshiba saa saba mchana hahitaji kuhojiwa mbele ya darasa. Nusu ya chapati ikisogezwa taratibu kando ya kitabu chake, bila neno, yatosha.