Na Aliye Chini ya Meza?

Muulize mkaazi yeyote wa Nairobi aliyewahi kutazama XYZ Show akutajie vikaragosi vyake. Atakutajia bila kufikiria: rais, waziri, kiongozi wa upinzani. Sasa muulize ni nani aliyekuwa chini, mkono juu, shingo imepinda, akimpa huyo rais uhai. Kimya.

Mimi kimya hicho kinanikera. Tangu Gado atuletee kipindi hicho mwaka 2009, tumecheka na sura za wakubwa. Waliotuchekesha tumewaacha gizani, kana kwamba mpira ule ulijisogeza wenyewe.

Ati ukimjua mchezaji, uchawi unaisha? Si kweli. Kwenye The Muppet Show, iliyoanza 1976 na kurekodiwa Elstree, Uingereza, kulikuwa na bendi ya vikaragosi watatu, The Country Trio. Walitengenezwa kwa sura za Jim Henson, Frank Oz na Jerry Nelson, yaani wachezaji wenyewe. Watu waliozoea kujificha chini ya jukwaa walijiinua juu, ndevu za Henson na zote, wakapiga muziki. Nani aliacha kumpenda Kermit kwa kuwa ameiona sura ya Henson? Hakuna.

Tena jina si pambo. Henson alipofariki mwaka 1990, Kermit alipewa Steve Whitmire. Mwaka 2004 Disney ikawanunua Muppets. Mwaka 2016 Whitmire akaondolewa. Kampuni ilitoa sababu zake, naye akazipinga. Mimi siamui kesi hiyo. Ninachojua ni kwamba habari ilipotoka mwaka uliofuata, mashabiki waliuliza maswali, kwa sababu walijua ni nani ameondoka. Kermit alibaki na sura ileile, akapata mkono mwingine. Sasa fikiria mchezaji asiyejulikana. Huyo akiondolewa Ijumaa, Jumatatu kikaragosi kinaongea kama kawaida, na hakuna hata mmoja wetu atakayeuliza, "Yule msee alienda wapi?"

Hapa kwetu kuna vijana wanaotia sauti katuni, wanaovaa vichwa vya sponji kwenye matangazo ya maduka, wanaoinua mikono hadi mabega yanawaka. Wengi jina lao halionekani popote, au linapita mwishoni kwa kasi ambayo hata mama yao hawezi kulisoma. Halafu tunawaambia washukuru, wamepata "exposure". Exposure gani ya mtu aliyefichwa?

Kwa hivyo, maproducer, sikilizeni. Wekeni majina mwanzoni, yasomeke. Andikeni kwenye mkataba kwamba anayekiumba kikaragosi kwa mkono na sauti yake anajulikana kuwa ndiye. Na siku moja, kwa kipindi kimoja tu, wapeni mpira na rangi wajitengeneze wao. Wanasiasa tumewaona vya kutosha.