Nani Atalinda Kijiji Usiku?

Tangu maharagwe yavunwe tumesikia kilio kimoja katika kila kijiji tulimopita huku Kivu. Mwizi ameingia. Amechukua mbuzi wawili, sufuria tatu, kitenge kilichokuwa kikingoja sikukuu, na sola iliyokuwa juu ya mabati. Tukiuliza aliingiaje, wenyewe hujibu upesi kwamba alitoboa ukuta.

Ni kweli, wako watoboao. Nyumba zetu nyingi ni za miti na udongo; mvua ya usiku huulainisha ukuta na kuimeza sauti, na mtu mwenye mtaimbo hupata tundu upande wa migomba kabla mwenye nyumba hajageuka kitandani. Lakini mara nyingi mwizi hana haja ya kutoboa. Huja mchana, siku ya soko, au siku ya maziko, au Jumapili saa tulipo sote Misani. Huja kwa sababu anajua. Nani amemjulisha? Sisi wenyewe, tuliotangaza njiani bei tuliyopata kwa kahawa yetu, tukauficha ufunguo chini ya jiwe ambalo hata watoto wa darasa la kwanza wanalijua.

Basi ulinzi wa usiku huanza mchana, tena huanza kwa jirani. Nyumba tatu zinazotazamana zipatane zisiende Misa moja: hawa waende ya kwanza, wale ya pili. Mtu usiyemjua akiingia kiwanjani mwa mwenzako asiyekuwapo, msalimu, umwulize anamtafuta nani. Mwenye shida njema ataonyeshwa njia, na mwenye nia mbaya atajua ya kuwa ameonekana. Migomba iliyosongamana na ukuta wa nyuma ikatwe, hata kama aliyeipanda ni mama mkwe. Sufuria na sola zitiwe alama kwa msumari, na namba ya baiskeli iandikwe katika daftari, maana kitu kisicho na alama, hata ukikiona sokoni, utakidai kwa neno gani? Wengine hutegemea mbwa. Tumewaona mbwa hao: aliyenyimwa chakula mchana humfuata usiku kila mwenye mfupa.

Zamu ya usiku ni jambo jingine, nasi twataka kulisema polepole. Ndugu zetu wa Tanzania, katika Usukuma na Unyamwezi, walichoshwa na wezi wa ng'ombe, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaunda sungusungu, jina la wale chungu weusi waumao na kwenda kundi zima. Filimbi ikilia, kila mwanamume alitoka na upinde wake, na kijiji cha jirani kikapokea mbio. Ng'ombe wengi waliokolewa hivyo, na mwaka 1989 sheria ya nchi ikawatambua. Lakini palikuwa pia na vikundi vilivyojifanya mahakama, vikapiga na kuua watu kwa dhana tu, hata wanawake wazee walioshukiwa uchawi. Filimbi ilikuwa ile ile.

Kwetu Kongo sheria yasemaje? Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya tarehe 6 Agosti 1959 yampa mtu yeyote, pasipo mkuu wa sheria karibu, ruhusa ya kumkamata anayekutwa katika kosa kubwa kama wizi, na kumpeleka mara moja kwa mkuu aliye karibu zaidi. Kumkamata na kumpeleka. Haikuongeza neno la tatu. Twajua mtakavyojibu: «Polisi watamwachilia kesho.» Lakini Katiba ya mwaka 2006 haiwapi polisi zaidi ya saa 48, kisha mtu afikishwe kwa wenye mamlaka ya sheria, au aachiliwe. Mara ngapi mwenye mbuzi amekataa kwenda kutoa ushahidi kwa kuwa ni siku ya kupalilia, halafu akalaumu serikali?

Twasema haya kwa sababu ya jambo lililotupata. Mwaka wa kwanza wa zamu kijijini kwetu, walinzi watano walimkuta mtu usiku wa manane, hakuna mwezi, akivuta mbuzi kwa kamba. Filimbi ikapigwa. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliotoka na fimbo, wala hatutaficha kwamba tulipaza sauti pamoja na wengine. Hakuna aliyemwuliza neno. Alipokwisha kuanguka, mama mmoja mzee akaja na taa, akamtazama mbuzi, akasema: «Huyu ni mbuzi wangu. Nimempa mimi.» Aliyelala chini ni mwanawe. Mkewe alikuwa amejifungua siku tatu kabla, na hospitali haikumruhusu kutoka pasipo malipo. Soko la mifugo huanza alfajiri, nalo ni mwendo wa saa nne kwa miguu.

Jicho lake la kushoto halikupona. Tulichanga, tukalipa deni la hospitali, mbuzi akarudi kwa mama yake. Tulimwomba radhi mbele ya mkuu wa kijiji, naye akasema amesamehe. Tangu siku ile walinzi wetu hawabebi panga. Kila zamu ina mzee mmoja na taa moja, na mtu huulizwa jina lake kabla ya kuguswa. Yeye mwenyewe tulimwita ajiunge na zamu ya Jumanne. Hakukataa, wala hakuja. Nyumba yake ni ya mwisho, karibu na mto, pale pale wezi wapitapo; na usiku filimbi ikilia, twaona taa yake ikizimwa.