Msumari Unaogeuka Sumaku

Watoto wako likizoni na mikono yao haitulii. Wiki hii tunawaletea kazi ya kufanya nao. Tafuteni msumari wa chuma, betri moja ya redio, na mita mbili za waya mwembamba wa shaba kutoka kwa fundi anayesuka mota.

Zungusheni waya kwenye msumari mara 50, mizunguko ikikaribiana. Ncha zake mbili zikwaruzeni kwa kisu mpaka shaba ing'ae. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu waya huo umepakwa vanishi isiyopitisha umeme. Kwingine kote vanishi iacheni: ndiyo inayolazimisha umeme ufuate kila mzunguko badala ya kukatisha njia. Gusisheni ncha kwenye pande mbili za betri, msumari utanyanyua pini. Mkiachia, nyingi zinaanguka.

Umeme ukipita katika waya, nguvu ya sumaku huuzunguka waya huo. Mwaka 1820, kule Copenhagen, mwalimu Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme. Waya ulionyooka una nguvu ndogo. Ukizungushwa, kila mzunguko huongeza nguvu yake, na chuma cha katikati huizidisha sana. Nguvu hiyo ndiyo inayotikisa karatasi ya spika tunaposikiliza habari, na inayozungusha mota ya mashine ya kusaga unga. Hata shaba ya Katanga yetu, nyingi huishia kuwa nyaya.

Na binti asitumwe kuchota maji wakati kaka yake anazungusha waya.

Sasa sikilizeni vizuri. Mtoto akiona pini tatu tu zimenyanyuka, atataka nguvu zaidi, na macho yake yataenda kwenye priza. Betri ile ina volti 1.5, priza ina 220. Waya utawaka, na mtoto anaweza kufa palepale. Mwambieni kabla hajaanza: anayetaka nguvu aongeze mizunguko, afike 100. Hata kwenye betri, ahesabu mpaka tano kisha aachie, maana waya hupata moto. Televisheni iliyokufa isifunguliwe kutafuta waya. Inaweza kuwa imebaki na umeme ndani.

Spika za redio zilizoharibika msizitupe. Zileteni kwenye mkutano ujao, tuzifungue pamoja tuone koili iliyo nyuma ya karatasi.