Uzushi wa Damu na Kinyozi wa Damascus

Wiki iliyopita mpwa wangu, kijana wa sekondari, aliniletea simu yake nisikilize ujumbe wa sauti. Msemaji hakujitaja jina. Alidai kuwa Mayahudi huiba watoto wa watu na kuwachinja, damu yao ikatiwa katika mkate wa sikukuu. "Mjomba, ni kweli?" akaniuliza. Nilisita kumjibu, na kusita kwangu kulikuwa na sababu. Kisa hicho hicho nilikisimulia mimi mwenyewe barazani miaka mingi iliyopita, tena kwa madaha, nikiwa nimekipata kwa mtu aliyekipata kwa mtu.

Basi nikaitafuta asili yake. Nilidhani ningeikuta Sham au Misri, nimeikuta Uingereza. Katika mji wa Norwich, mwaka 1144, kijana aitwaye William alikutwa ameuawa. Miaka kadhaa baadaye mtawa mmoja akaandika kitabu cha kuwatwika Mayahudi wa mji ule mauaji hayo. Hapo bado damu haijatajwa. Ilikuja kuongezwa huko Fulda, Ujerumani, mwaka 1235, na Mayahudi 34 wakauawa kwa ajili yake. Mfalme wao, Frederick wa Pili, alifanya uchunguzi na kutangaza kuwa shutuma ni za uongo. Tangazo halikufika mbali, kisa kilifika.

Kwetu Waislamu uzushi huu ulikuwa mgeni. Nisifiche kwamba Mayahudi walioishi chini ya dola zetu walionja udhalili: Khalifa al-Mutawakkil aliwaamuru, pamoja na Wakristo, wavae mavazi ya kuwatambulisha, katikati ya karne ya 9. Lakini Uhispania ilipowafukuza mwaka 1492, Sultani Bayezid wa Pili aliwafungulia milango, na wengi wakatia nanga Salonika na Istanbul. Tuhuma ya damu haikuwa na mizizi katika ardhi hiyo. Iliingia, ikazagaa, na mwaka 1840 ikalipuka Damascus.

Mwezi wa Februari mwaka huo padri wa Kikapuchini aitwaye Thomas alipotea mjini humo pamoja na mtumishi wake. Wakati huo Sham ilitawaliwa na Muhammad Ali Pasha wa Misri. Wakristo wa mji waliwanyooshea kidole Mayahudi, na konsuli wa Ufaransa, Ratti-Menton, akalishikilia jambo hilo kwa nguvu zote. Liwali Sharif Pasha hakumpinga. Akakamatwa kinyozi mmoja wa Kiyahudi, maskini wa Mungu, akapigwa hadi akataja majina ya wakubwa wa jamaa yake. Hao nao wakakamatwa wakateswa. Baadhi walikufa. Mmoja wao alisilimu ili ajiokoe na mateso, na hapa niliweka kitabu chini kwa muda. Silimu ya mtu aliye chini ya mjeledi ni silimu gani? Na waliomsilimisha hivyo walidhani wamemzidishia nani waumini?

Habari zilipofika Ulaya, Mayahudi wa huko walituma ujumbe kwa Muhammad Ali mjini Iskandaria, ukiongozwa na Moses Montefiore wa Uingereza na mwanasheria Adolphe Crémieux wa Ufaransa. Amri ya kuwaachia walionusurika ilitolewa mwishoni mwa Agosti. Montefiore hakutosheka na kuachiwa tu. Alikwenda Istanbul, na mnamo Novemba Sultani Abdulmajid akatoa firmani. Firmani hiyo inasema kuwa vitabu vya Mayahudi vimechunguzwa na wanaovijua, na imeonekana kuwa wamekatazwa hata damu ya mnyama, seuze ya binadamu. Basi shutuma hiyo ni uzushi mtupu, na watu hao walindwe kama raia wengine.

Hoja hiyo ingetosha kwa mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba yetu. Sisi tunajua damu ni haramu. Mayahudi nao nyama yao iliyochinjwa huitia chumvi ili damu iliyobaki itoke kabla haijafika chunguni. Watu wa namna hiyo ndio tuliosadiki kwamba wanakanda unga kwa damu ya mtoto.

Ilhali firmani haikukiua kisa. Mwaka 1946, baada ya Wanazi kuwaua Mayahudi wapatao milioni sita, wachache walionusurika walirudi katika mji wa Kielce, Poland. Mtoto mmoja alitoweka siku mbili, kisha akarudi na maneno kwamba alifungiwa katika chumba cha chini ya ardhi cha nyumba yao. Mnamo Julai 4 watu wa mji, pamoja na askari, waliivamia nyumba hiyo, na Mayahudi zaidi ya 40 wakauawa siku hiyo. Mtoto alikuwa amekwenda kijijini. Nyumba ile haikuwa na chumba cha chini ya ardhi.

Najua utakaloniuliza, msomaji, maana mpwa wangu aliniuliza vivyo hivyo: na Gaza je? Machozi yetu kwa watu wa Gaza ni ya haki, na dhuluma ya dola yoyote tuiseme kwa jina lake, kwa matendo yake na kwa ushahidi wake. Lakini dola ya Israeli iliundwa 1948. Kinyozi wa Damascus alipigwa miaka 108 kabla yake, na wale wa Fulda waliuawa zaidi ya miaka 700 kabla. Uongo huu haukuzaliwa na machungu ya Wapalestina, wala hauwapi hata tonge moja ya chakula. Anayeuchanganya na kesi yao anawapa watesi wao sababu ya kuikataa kesi nzima.

Jumanne baada ya Isha nilikwenda barazani. Niliwaambia wazee wenzangu kwamba kisa nilichowahi kuwasimulia hapo ni cha uongo, na nikawaeleza habari za padri na kinyozi. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja, mwenye kumbukumbu kali kuliko sisi sote, akaniuliza: "Na wale uliowasimulia usiku ule wasiokuwapo leo?" Nikawahesabu. Mmoja yuko Maskati, wawili tumewazika.

Mpwa wangu amenirekodi kwa simu yake nikiyasema haya kwa dakika tano, akayapeleka katika kundi lile lile. Anasema hadi jana usiku watu wanne wameyasikiliza.