DAWA YA UCHUNGU SI SUNNA, NA TUSIJIFICHE NYUMA YA QADAR

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo nawaandikia hasa ninyi wa kwetu: Shinyanga, Kahama, Geita, Katoro, na huko machimboni Nyarugusu na Kakola. Wa mbali nao wasome, maana kikombe hiki kinanyweka kila mahali.

Niliwahi kusalisha jeneza la mwanamke aliyeipita tarehe yake ya kujifungua kwa siku tano tu. Hakuwa mgonjwa. Nyumbani wakamchemshia mizizi, akanywa jioni. Uchungu ukaja usiku, mkali, mfululizo, hauachi hata nafasi ya kuvuta pumzi. Alfajiri ukakatika ghafla. Waliokuwepo wakasema alhamdulillah, ametulia. Kumbe kizazi kimechanika. Yeye na mtoto tuliwazika siku moja. Mume alifika kutoka machimboni tope likiwa bado miguuni.

Pale makaburini nikasikia maneno mawili: "Ni qadar ya Allah," na "Amekufa shahidi." Yote mawili ni kweli. Ndiyo maana yananiuma yakitumika kufunika sufuria ya mizizi. Siku ile nilinyamaza kwa ajili ya wafiwa. Leo sinyamazi.

KWANZA: QADAR HAIFUTI SABABU.
Umar (r.a.) alipokataa kuwaingiza watu Sham kwenye tauni, aliulizwa kama anaikimbia qadar ya Allah. Akajibu kwamba anatoka kwenye qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Na tazameni nchi yetu wenyewe. Takwimu za taifa za 2015-16 zilionesha vifo vya wazazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Za mwaka 2022 zikaonesha 104. Je, qadar ilibadilika? Hasha. Watu walishika sababu, na kushika sababu nako ni qadar. Basi anayeiacha sababu iliyo wazi na kushika kikombe asichojua kina nini, asimsingizie Mola wake. Al-Baqara aya ya 195 imetukataza kujitia maangamizoni kwa mikono yetu.

PILI: WANAOUZA KWA JINA LA SUNNA.
Siku hizi mtu anachanganya habat soda, asali na unga wa mizizi, anaandika kwenye chupa "tiba ya Kisunna ya kuleta uchungu", anawauzia dada zetu. Ndugu, hadithi ya habat soda inazungumzia ugonjwa. Mimba iliyofika wakati wake ni ugonjwa gani?

Wanasema: Bi Maryam alikula tende. Someni Surat Maryam aya ya 23 hadi 26 kwa utaratibu wake. Uchungu ndio uliompeleka kwenye shina la mtende. Tende zikaja baadaye, kumpa nguvu na kumtuliza moyo. Hakuzila ili auite uchungu. Sisemi tende ni mbaya. Utafiti wa Jordan uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia wanawake 69 waliokula tende 6 kwa siku kwa wiki 4 kabla ya tarehe yao, na walifika hospitali njia imefunguka zaidi kuliko wasiokula. Basi mwenye afya ale tende, na mwenye kisukari amuulize kwanza daktari. Lakini tende ni chakula, na mzizi wa kuchemsha ni dawa isiyo na kipimo. Usivipake rangi moja.

TATU: KINACHOTOKEA TUMBONI.
Wachimbaji, ninyi mtanielewa upesi. Nani kati yenu atawasha baruti ndani ya duara wakati wenzake wako chini? Dawa ya uchungu ni hiyo baruti. Ikishanywewa hairudishwi. Kizazi kinakaza bila kupumzika, hewa ya mtoto inapungua. Kwa aliyewahi kupasuliwa, au aliyezaa mara nyingi, kinaweza kuchanika, naye akavuja damu ndani kwa ndani msiione.

Na msidhani vidonge vya kununua kwa siri dukani ni salama zaidi. Kidonge cha misoprostoli aghalabu kina mikrogramu 200. Kipimo cha kuanzishia uchungu hospitalini ni mikrogramu 25, na hapo mkunga anasikiliza mapigo ya mtoto. Mwenye kumeza kidonge kizima nyumbani amemeza vipimo vinane kwa mpigo! Mafuta ya nyonyo nayo yanaharisha na kumkausha mama maji wakati anapohitaji nguvu zake zote.

Tarehe kwenye kadi ya kliniki ni makadirio. Wiki ya 40 ikipita, nenda kliniki wakupime. Wao wana njia ya kuanzisha uchungu kwa kipimo, na chumba cha upasuaji kikihitajika.

NNE: TUSEME UKWELI KWA NINI WANAKUNYWA.
Dada zetu si wajinga. Wanaogopa kisu. Wanaogopa kukaripiwa na nesi, wanataka wafike njia imeshafunguka. Wako mbali na kituo, na mume yuko machimboni, simu haipatikani. Na wapo wanaokunywa kwa woga wa ulimi wetu, kwa sababu uchungu ukichelewa tunasema, "Ana la kuungama, alitoka nje ya ndoa." Subhanallah! An-Nur aya ya 4 imetaka mashahidi wanne, na asiyewaleta achapwe viboko 80. Wewe shahidi wako ni uchungu uliochelewa? Mwanamke yuko kati ya uhai na mauti, unamsingizia zinaa! Hofu hiyo ndiyo inayomfanya apokee kikombe.

BASI TUFANYE NINI?
Mume: una pesa ya karasha, huna ya bodaboda ya mkeo? Mwezi wa tisa ukiingia weka nauli mkononi mwake, na mpange nani atabaki na watoto. Hifadhini namba 115 ya m-mama. Kuipiga ni bure, na usafiri wa dharura wa mama mjamzito hupatikana kwa njia hiyo.

Mama mkwe: mapenzi yako hatuna shaka nayo. Msindikize kituoni, mshike mkono, msomee dua njiani. Na kama ameshakunywa kitu, mwambie nesi ni nini na saa ngapi. Usimfiche. Kuficha huko kunaweza kuua.

Muuzaji: Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayetibu bila kujulikana kwa utabibu ni mdhamini wa anachokiharibu. Damu ya mama na mtoto utailipa na nini?

Maimamu wenzangu: tunaitwa kuzika, na hatusemi neno mimbarini kabla ya kuzika. Tutaulizwa.

Allah awarehemu mama zetu waliotangulia wakizaa, awaandikie shahada, na atujaalie tusiwe sisi sababu ya shahada hiyo. Amin.

Mpelekee mume mmoja ambaye mkewe ni mjamzito. Wabillahi tawfiq.