Kujua Kosa Si Kuliacha

Kila nikiilalamikia Scream 2, rafiki zangu wana jibu moja: "Lakini filamu yenyewe inajua inachofanya." Nimelichoka jibu hilo.

Turudi mwanzoni. Filamu ni ya mwaka 1997. Maureen na Phil, wapenzi weusi wa Kimarekani, wamekwenda sinema. Maureen analalamika kwamba filamu za kutisha huwatenga watu weusi. Dakika chache baadaye Phil anachomwa kisu cha sikio akiwa chooni. Muuaji anakuja kuketi kando ya Maureen. Anapomchoma, ukumbi umejaa watu waliovaa kinyago kilekile. Wanashangilia, wakidhani ni mbwembwe za kutangaza filamu. Maureen anapanda mbele ya skrini, anapiga yowe, anaanguka. Ndipo wanaponyamaza.

Mara ya kwanza tuliitazama bwenini, watu saba tumebanana kitandani mbele ya kompyuta moja. "Weusi wanatangulia!" mmoja wetu akapaza sauti. Tukacheka, nami nikacheka. Ukumbi wa kwenye filamu uliponyamaza, nasi tukanyamaza. Kwa hilo nawavulia kofia mwongozaji Wes Craven na mwandishi Kevin Williamson: walitukamata tukiwa tumekenua meno.

Halafu wakafanya nini? Wakamgeuza Maureen kidokezo. Baadaye wahusika wanang'amua kwamba majina ya waliouawa yanafanana na ya marehemu wa filamu ya kwanza. Basi. Hata kifo chake ni mwangwi wa kifo cha mwingine.

Kisha yuko Hallie, rafiki mweusi wa Sidney. Tukio la wawili hao kutoka ndani ya gari la polisi, wakipita juu ya muuaji aliyezimia kwenye usukani, lilinifanya nisahau kupumua. Wanatoka salama. Sidney anataka kurudi amwone sura. Hallie anamsihi waondoke. Sidney anarudi. Anayechomwa ni Hallie.

Najua mtakachosema: weupe nao wanakufa, hata Randy, kipenzi cha wengi. Kweli, lakini Randy analiliwa. Hallie analiliwa na nani? Mtaniambia pia kwamba Joel, mpiga picha mweusi, anasalimika. Anasalimika kwa kuikimbia hadithi, akarejea mambo yakiwa yamekwisha.

Vijiweni tunasema steringi hafi. Sina ugomvi na sheria hiyo. Ugomvi wangu ni na filamu inayomweka mwanamke mweusi aseme wazi anavyotengwa, kisha inamtenga kwa ustadi, na bado inataka kupongezwa kwa kuwa imelitaja kosa. Mtu akikukanyaga mguu huku akisema "najua nakukanyaga," maumivu hayapungui.

Scream 2 ni filamu nzuri. Ndiyo maana naidai zaidi. Iliona kosa kabla yetu, ikatuonyesha, ikalirudia.